Kabla Utume Doh ya Kisima Shagz, Uliza Nani Anashuka Chini

Novemba 2023 MrBeast aliangusha ile video yake ya visima 100 Afrika na Wakenya wakawaka mtandaoni. Kuna wale walimpa heko, na kuna wale walisema msee ametuanika, juu maji ni kazi ya gava na si ya YouTuber. Ubishi ulikuwa mtamu, na hata leo ukiuchokoza pale base unaanza upya. Lakini kuna kitu wengi walipita mbio: vile visima vilichimbwa na mashine. Lori linaingia, bomba linazunguka, maji yanaruka juu, watoto wanashangilia, kamera inanasa kila kitu.

Huko kwenu shagz kisima mara nyingi hakiji hivyo. Kinakuja na wasee watatu au wanne wa kijiji, sululu, jembe lililokatwa mpini, mtarimbo, kamba na ndoo. Mmoja anashuka. Wengine wanabaki juu wakivuta udongo. Hakuna drone.

Na kwa vile wewe ndiye uko Nairobi, Nakuru ama Mombasa na M-Pesa yako inaitika, kuna siku mathe, chama ama kamati ya kijiji itakupigia: tunachanga kisima. Utauliza bei ni ngapi kwa futi, juu hivyo ndivyo kazi hii inahesabiwa, na ukisikia kuna jamaa wa bei ya chini utasema huyo apewe. Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Ile bei ya chini kuna mahali inatolewa. Mara nyingi inatolewa kwa yule jamaa ako chini ya shimo, na kwa maji yenye shosh wako atakunywa miaka yote inayokuja.

Tani 30 kwa kamba moja

Wacha tupige hesabu. Kisima cha mkono kinahitaji upana wa kama futi 4, ndio mtu mmoja aweze kuinama na kurusha sululu bila kugonga ukuta. Kikishuka futi 50, umetoa udongo wa karibu mita 18 za ujazo. Udongo si maji, ni mzito zaidi, kwa hivyo hapo unaongea kama tani 30. Canter ya tani 4 itapiga safari saba au nane kuubeba. Sasa toa Canter, weka ndoo ya lita 20. Ndoo hiyo itapanda zaidi ya mara 1,000, na kila inapopanda kuna mtu amesimama chini yake.

Jiwe likichomoka kwa ndoo likiwa juu kabisa, litafika chini kwa chini ya sekunde 2, likiwa na spidi ya kama kilomita 60 kwa saa. Yaani spidi ya mat kwenye barabara nzuri. Na shimo ni futi 4, mtu atarukia wapi? Ndio maana helmeti kwa kazi hii si ya kupiga luku, na ndio maana ndoo haijazwi mpaka mdomoni, na udongo uliotoka unamwagwa mbali na ukingo ili usirudi na kumfunika mwenyewe. Wachimbaji wa miaka mingi pia hukagua kamba kila asubuhi, nyuzi kwa nyuzi, kabla mtu hajaweka mguu. Ukiona kikosi kina kamba moja tu, ya ndoo na ya mtu ni hiyo hiyo, na imekaa kama ile ya kuanikia nguo, hapo tayari umejua bei imeshukaje.

Halafu kuna ukuta wenyewe. Udongo mwekundu unaoshikana unaweza kusimama wima siku nyingi bila kitu, na huo ndio unadanganya watu. Mchanga hausimami. Udongo mweusi, ule black cotton wa Kitengela na Athi River, ukikauka unapasuka, ukinyeshewa unavimba, kwa hivyo ukuta uliouona jana si ukuta wa leo. Dawa yake inajulikana tangu zamani: unajenga ukuta unaposhuka. Njia moja ni kutumia pete za zege, zile wasee wa mjengo huita kalvati. Unaweka pete ya kwanza, mchimbaji anaingia ndani yake, anachimba chini ya ukingo wake polepole, pete inazama kwa uzito wake yenyewe, unaweka nyingine juu. Kwa njia hiyo mtu hakai hata dakika moja kwa udongo mtupu. Inakula simiti, inakula chuma, inakula siku. Kwa hivyo ukiletewa bajeti ambayo pete au matofali yamepangiwa "baadaye, pesa ikipatikana", elewa kwamba kuna mtu atafanya kazi kwa shimo tupu mpaka hiyo baadaye ifike.

Kitu chenye huwezi kuona

Kuporomoka kunatisha na kila mtu anakuogopa. Hewa haiogopwi, na hiyo ndiyo noma kubwa zaidi.

Hewa tunayovuta ina oksijeni ya asilimia 21. Wataalamu wa usalama kazini wanasema ikishuka chini ya 19.5 mahali hapo hapafai mtu. Ikishuka sana, mtu hapati muda wa kukohoa wala kuita. Anavuta pumzi chache, magoti yanalegea, anakaa chini kama mtu aliyechoka. Wa juu wanadhani anapumzika.

Inatoka wapi? Udongo wenyewe unapumua. Vijidudu na mizizi vinakula oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Inakaa chini ya shimo kama chai kwa kikombe. Hakuna rangi, na kwa kawaida hautasikia harufu. Hali ya hewa ikibadilika na mgandamizo ukashuka, gesi iliyokuwa imejificha kwa ardhi inatoka kwa wingi, kwa hivyo shimo lililokuwa fiti asubuhi linaweza kuwa kaburi saa nane mchana. Hii "lakini jana niliingia tu poa" si ushahidi wa kitu chochote.

Ya pili tunaitengeneza wenyewe. Mchimbaji anafika kwa maji. Maji yanaingia kwa kasi kuliko ndoo inavyotoa, kwa hivyo wanaleta pampu ya petroli. Sasa hapa kuna fizikia ya shule yenye wengi tuliiacha darasani: pampu iliyokaa juu haivuti maji, inatengeneza tu upungufu wa hewa na uzito wa anga ndio unasukuma maji juu. Na anga ina kikomo. Hata pale Mombasa usawa wa bahari, kikomo cha hesabu ni kama mita 10, na kwa kazi halisi utapata kama 7. Ukipanda nyanda za juu, kama Limuru ama Kinangop, anga ni nyepesi na hata hiyo 7 hufikishi. Kwa hivyo kisima cha futi 50, ambacho ni mita 15, pampu ya juu itanguruma siku nzima bila kutoa tone.

Sasa fikiria mtu ambaye hakuelezwa hayo. Anaona pampu inashindwa, anaamua kuisogeza karibu na maji. Anaifunga kamba, anaishusha ndani ya shimo ikiwa imewaka. Maji yanatoka, kila mtu anafurahi. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, na shimo halina dirisha. Baada ya saa moja injini inazimwa, mtu anashuka kuendelea na kazi.

Hizi ndizo zile habari unasikia kwa redio, watu wawili, watatu, wamefia kisimani. Umewahi jiuliza kwa nini huwa zaidi ya mmoja? Juu wa kwanza akianguka, ndugu yake anaruka kumtoa. Ndugu akinyamaza, jirani anaingia. Taasisi ya Marekani ya usalama wa kazini, NIOSH, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye mashimo, matangi na mahali pengine pa kufungana kama hapo walikuwa watu waliokuja kuokoa. Mwokoaji anashuka mbio, anahema kwa nguvu kwa sababu ya hofu, na kwa hivyo anavuta ile hewa mbaya haraka hata kuliko mwenzake.

Kwa hivyo kuna mambo machache ambayo hayana mjadala, na wewe mwenye kutuma pesa uko na haki ya kuyadai kwa simu kabla ya jembe la kwanza. Injini haiingii ndani ya shimo, hata ikiwa imezimwa. Maji yakizidi, yanatolewa kwa ndoo ama kwa pampu ya stima ile ya kuzamishwa, na pampu hiyo ikiwa imewaka hakuna mtu ndani, juu stima na maji si marafiki. Anayeshuka amefungwa mkanda wa mwili mzima ulioshikwa na watu wawili juu, kila mara, si ile siku ya kwanza pekee. Hivyo akilegea anavutwa bila mtu mwingine kuingia. Ni kitu rahisi hivyo, na ingekuwa imezuia vifo vingi sana.

Hewa inapelekwa chini. Feni yenye bomba refu la plastiki ndiyo bora, inasukuma hewa safi mpaka miguuni mwa mchimbaji, na jenereta yake inakaa mbali, upande ambao upepo hauleti moshi shimoni. Vijijini wengine huteremsha tawi kubwa lenye majani na kulipandisha na kulishusha mara nyingi kuchanganya hewa. Inasaidia kidogo, lakini usiilinganishe na feni.

Na mshumaa? Wazee hushusha mshumaa ama taa ya koroboi. Ikizima, hakuna kuingia, na hapo wazee wako sawa kabisa, juu mwali huzima oksijeni ikifika kama asilimia 16 au 17. Lakini mshumaa hauoni kaboni monoksaidi. Unaweza kuwaka vizuri tu, unapendeza, na sumu iko pale pale. Mshumaa unaweza kukuambia "hapana". Hauwezi kukuambia "ndiyo".

Na likitokea? Usiingie. Najua ni rahisi kuandika na ni ngumu kusimama juu ukimwona mtu wako amelala chini. Mvute kwa mkanda, washa feni, piga 999 au 112, ita watu wenye vifaa vya kupumulia. Ukiingia bila hewa yako mwenyewe, unaongeza mwili wa pili kwa shimo na kuwapa walio juu kazi maradufu.

Futi si maji

Tuache huzuni kidogo turudi kwa pesa. Kulipa kwa futi kuna mtego. Futi za juu ni rahisi, mtu anachimba akiwa mkavu. Futi ngumu ni zile za mwisho, ukiwa umesimama ndani ya maji baridi, unachimba kwa mkono mmoja na kuteka kwa mwingine. Hizo ndizo zinafanya kisima kiwe kisima. Fundi wa haraka anafika maji yakigusa magoti, anapiga mbinja, picha zinatumwa kwa WhatsApp ya familia, emoji za mikono kila mahali, salio linalipwa.

Kama hiyo ilikuwa Mei, baada ya mvua ndefu, umechezwa. Maji ya ardhini yanapanda na kushuka na misimu. Kisima kilichopata maji futi 25 mwezi wa Mei kinaweza kuwa vumbi ifikapo Februari, wakati mnakihitaji kabisa. Kwa hivyo chimba mwisho wa kiangazi, Februari na Machi kabla mvua ndefu ianze, ama Septemba kuelekea Oktoba kabla ya vuli, kulingana na kwenu. Maji yakiwa chini kabisa, ndipo unaongeza mita mbili au tatu ndani yake. Na makubaliano yaandikwe hivyo: salio ni la kina cha maji yaliyosimama kisimani wakati wa ukame. Fundi mzuri hatakataa, ataongeza tu bei ya futi za mwisho. Mlipe. Hiyo ni jasho halali.

Kuhusu mahali pa kuchimba, utaambiwa kuna mzee ana fimbo inayoinama palipo na maji. Majaribio ya kisayansi hayajaonyesha kwamba fimbo inashinda kubahatisha. Ukiangalia vizuri, wengi wa hao wazee wanajua tu ardhi yao: wanaangalia mikuyu iko wapi, bonde linaelekea wapi, jirani alipata maji futi ngapi. Hayo matatu unaweza kuuliza bila fimbo. Kisima cha jirani ndicho ushahidi bora wa bei nafuu utapata, na kama hakuna jirani mwenye kisima na pesa ni nyingi, lipa mtaalamu wa maji ya ardhini apime. Kumbuka pia kwamba kwa Water Act ya 2016 maji ya nchi hii yako chini ya serikali ya taifa kwa niaba yetu sote, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ndiyo inashughulikia vibali. Kisima cha jamii kinafaa kupitia ofisi yao ya karibu kabla ya sululu.

Maji masafi kwa macho

Sasa hapa watu wa ploti za 50 kwa 100 mnisikize, juu visima vya mkono vimejaa hata Ruiru, Juja na Kitengela. Kanuni inayotumika duniani ni kwamba choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisima, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita 15 kwa 30. Yaani hata ukiweka choo kona hii na kisima kona ile, umefika kikomo kwa shida. Na jirani? Choo chake kiko nyuma ya ukuta wako, pengine mita 5. Maji ya ardhini hayajui ukuta wala titledeed.

Wajir wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Mji ule ulikua kwa sababu ya visima, vingi vimechimbwa kwa mkono kwenye mawe ya chokaa, na maji yako karibu sana na uso wa ardhi. Ukarimu huo ndio shida yake. Ukichimba choo cha shimo unagusa maji haraka, kwa hivyo kwa miaka mingi watu wengi mjini walitumia vyoo vya ndoo, na kipindupindu kimeupiga mji huo si mara moja. Maji ya karibu ni baraka mpaka ukumbuke kila kitu kingine pia kiko karibu nayo.

Kwa hivyo kisima hakimaliziki ukiona maji. Mita 3 za juu za ukuta zinazibwa vizuri na simiti ama udongo mfinyanzi ili maji ya mvua yasitelemke na uchafu wa uwanjani. Juu panajengwa ukuta mfupi, sakafu ya zege inayozunguka, mfereji wa kupeleka maji yaliyomwagika mbali, na mfuniko. Mfuniko! Kisima wazi ni mtego wa mtoto anayejifunza kutembea. Halafu kinatiwa klorini, kinatekwa mpaka kitulie, na chupa ya maji inapelekwa maabara.

Usiruke maabara juu maji "yanaonekana poa". Bonde la Ufa lina floridi nyingi kwa maji ya ardhini, na unajua hao watu, umesoma nao: meno ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wa aina yoyote. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haina ladha wala rangi, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki pale pale, kwa hivyo unaiongeza nguvu tu. Chumvi ni vivyo hivyo. Bora ujue hayo kabla ya pampu kununuliwa.

Kisima kina mwenyewe

Kuchimba kwa mkono si mambo ya juzi, na kuna watu wameshaimaliza hii mitihani karne nyingi zilizopita. Wasamburu chini ya milima ya Mathews huchimba visima kwenye mchanga wa mito iliyokauka. Kiangazi kikizidi, shimo linashuka, wanaume wanajipanga mmoja juu ya mwingine na kupokezana ndoo huku wakiimba. Kila familia ina wimbo wake, na ng'ombe wanajua wa kwao. Wanasikia, wanasogea, wengine wanangoja. Wageni huambiwa waweke simu na kamera kando, kwa hivyo usitegemee kuiona yote TikTok. Nadhani wako sawa.

Ukivuka Moyale ukaingia kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, utapata visima vya tula, virefu mno, vimechimbwa kwa mikono kwenye mwamba, na huko pia watu hujipanga kwa ngazi wakiimba ndoo ipande. Lakini kitu kilichonishika zaidi kwa tula si nyimbo. Ni vyeo. Kisima kina konfi, mtu wa ukoo aliyeanzisha kazi ama mrithi wake. Na kina aba herega, ambaye kazi yake ni kupanga siku: nani ananywesha leo, nani kesho, nani amekwepa kusafisha. Maji hayauzwi kwa pesa, lakini haki ya kuyatumia inatembea pamoja na jasho. Ukikosa kutokea siku ya kutoa matope, zamu yako inajadiliwa mbele ya wenzako.

Linganisha na kisima cha harambee. Kina jiwe la msingi, kina jina la mheshimiwa, kina picha. Nani anakisafisha? "Kamati." Kamati ni nani? Kimya.

Mtandao wa kimataifa wa maji vijijini, RWSN, ulitoa makadirio mwaka 2009 kutoka nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara: kama asilimia 36 ya pampu za mkono zilikuwa hazifanyi kazi. Zaidi ya moja kwa kila tatu. Na mara nyingi maji yako pale chini, kinachokosa ni kipande cha mpira cha kubana maji ama mtu wa kukibadilisha.

Kitui ilitoa jibu zuri la hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza kifaa kidogo kinachofichwa ndani ya mkono wa pampu. Kinahesabu vile mkono unapanda na kushuka, na kinatuma SMS. Kikinyamaza, fundi anajua pampu imekufa bila kungoja mtu apande boda aje kulia. Walikijaribu Kyuso. Kabla yake pampu ikiharibika ilikuwa inakaa wastani wa siku 27 kabla itengenezwe. Ikashuka mpaka chini ya siku 3. Pampu ni zile zile na kisima ni kile kile. Tofauti ni kwamba sasa kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuja.

Na kama mnachagua pampu ya kisima chenu, Afridev ina historia yetu: ilifanyiwa majaribio Kwale miaka ya 1980, ikabuniwa makusudi ili watu wa kijiji waitengeneze wenyewe, na inavuta hadi kama mita 45. Kazi nyingi juu yake zinafunguliwa na spana moja tu, inakuja na pampu. Kwa hivyo kwenye ile orodha ya bajeti, chini ya simiti, pete, feni, mkanda, klorini na maabara, ongeza mstari mmoja usio na bei: jina la mtu atakayekaa na hiyo spana nyumbani kwake, na jina la pili la siku yenye huyo wa kwanza amesafiri.